Jimu ya mtaani Majengo, Moshi: uzoefu wangu baada ya upasuaji wa bega

Siku hizi nikiingia jimu yoyote, kitu cha kwanza ninachotafuta kwa macho ni dambeli ndogo kuliko zote. Bega langu la kulia lilifanyiwa upasuaji wa kushona kano iliyochanika kwenye ajali ya bodaboda, na jimu ninayoisimulia hapa, ya mtaani kwetu Majengo, ndiyo iliyonirudisha kwenye vyuma. Naandika kwa ajili ya wenye bega kama langu. Mimi nilipokuwa natafuta pa kwenda, karibu kila niliyemuuliza aliniambia niachane na vyuma kabisa, hasa kwa kuwa ni mwanamke. Sikukubali, na nafurahi sana kwamba sikukubali.

Nieleze kwanza hali yenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kikombe chenye kina kidogo sana, na kinachokishikilia pale ni misuli minne midogo pamoja na kano zake. Kano ikishonwa, huchukua miezi kushikana na mfupa. Kwa kawaida mkono hufungwa shingoni wiki 4 hadi 6, halafu unafundishwa upya kunyooka na kuinuka bila uzito. Mazoezi ya kujenga nguvu huanza kwenye wiki ya 12 hivi, na vyuma vizito husubiri miezi 6 au zaidi, kutegemea mchaniko ulikuwa mkubwa kiasi gani. Shida ni kwamba maumivu huondoka mapema. Mche wa kahawa ukihamishwa kutoka kitaluni, majani husimama vizuri kabla mizizi haijashika udongo. Bega nalo liko hivyo. Unajiona umepona, kumbe ndipo kano inapoweza kuchanika tena.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliniandikia karatasi: zoezi gani ruksa, lipi bado. Jimu ya kwanza niliyokwenda na karatasi hiyo, ambayo siitaji, ilikuwa na vioo ukuta mzima na mashine mpya, lakini dambeli zake zilianzia kilo 5 na iliyofuata ni kilo 7.5. Kwa bega zima hiyo si kitu. Kwa bega lililoshonwa ni kuongeza nusu ya uzito kwa mkupuo mmoja. Kocha wa pale karatasi hakuigusa. Alisema tu, "Mwalimu, kaza, mwili utazoea." Niliaga nikaondoka.

Hii ya Majengo ni chumba kimoja, sakafu ya saruji, bati juu. Lakini dambeli zinaanzia kilo 1 na kupanda kilo moja moja hadi 10, nyingine zimetengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapahapa mjini. Sahani za kilo 1.25, zile za kuvisha kwenye chuma kirefu, zipo za kutosha. Kocha ni kijana mdogo. Alinipa shikamoo, akaniomba karatasi, akaisoma mpaka chini, kisha akaipiga picha kwa simu ili asisahau. Hapo nikajua nimefika.

Tulianza na mpira wa kuvuta. Mashine ya waya wanayo, ila uzito wake wa kwanza ni kilo 5, na kwa zoezi la kugeuza mkono kwenda nje hizo ni nyingi mno. Basi kocha hukata tyubu za baiskeli. Unabana kiwiko ubavuni, unaweka taulo iliyokunjwa katikati, unavuta polepole kwenda nje na kurudi polepole zaidi. Linaonekana zoezi la kitoto, lakini ndilo linaloamsha ile misuli midogo. Angalizo langu moja: tyubu hupasuka kwa joto na vumbi, kwa hiyo ivute na kuikagua kabla hujaifunga nguzoni.

Kila zoezi la kusukuma tulilifidia kwa mawili ya kuvuta. Benchi, yaani kusukuma chuma ukiwa umelala juu yake, tuliiacha kwa muda mrefu. Nilisukuma dambeli nikiwa nimelala sakafuni, kwa sababu sakafu inazuia viwiko visishuke nyuma ya mwili na kulivuta bega. Kwa kusukuma juu, aliegemeza ncha moja ya chuma kirefu kwenye kona ya ukuta, mimi nikasukuma ncha nyingine kwa mshazari. Kushusha chuma nyuma ya shingo alikataa katakata, na mpaka leo anakataa. Kipimo chetu ni maumivu ya 0 hadi 10: yakivuka 3 tunapunguza uzito, na kama asubuhi yake bega bado linauma kuliko jana, siku hiyo hakuna kuongeza. Nafanya mara tatu kwa wiki, kamwe si siku mbili mfululizo. Sasa naandika juu kabisa ya ubao bila kuukamata mkono wa kulia kwa wa kushoto, na chuma cha kilo 20 nakisukuma benchi, kitupu, kwa mshiko mwembamba. Kwangu hilo ni jambo kubwa mno.

Kasoro zipo. Kuanzia saa 11 jioni panajaa, na dambeli ndogo unazisubiri kwa foleni kwa sababu wengine wanazitumia kupashia misuli. Februari, watu wakijiandaa na Kilimanjaro Marathon, ni vurugu zaidi. Muziki uko juu kiasi kwamba kocha akikuambia shusha bega humsikii. Chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja kwa wote. Akina dada wengi tunakuja tumeshavaa. Umeme ukikatika jioni mazoezi yanaishia hapo.

Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na maelekezo ya kocha yamo humo humo. Nenda saa 12 asubuhi, kukiwa na watu wachache na kocha ana muda wa kukutazama. Chukua karatasi ya hospitali, na umwonyeshe kabla hujavua viatu. Mwenye bega zima anayetaka mashine za kila aina hapa hapatamtosha. Kwa anayeanza na kilo 1, sijaona mahali pengine Moshi ninapoweza kumpeleka ndugu yangu.