Banda la video Ngamiani, Alhamisi ya magari ya zamani: nendeni ila bebeni kitambaa cha jasho

Mnaouliza jioni ya Tanga mtu aende wapi siku isiyo na mpira, hii hapa. Ngamiani kule kwenye barabara za namba kuna banda la video, siku za ligi ni kelele tu kama mabanda mengine, ila Alhamisi mwenyewe anaweka muvi za zamani za magari na kiingilio ni jero. Mwenyewe ni mzee, zamani alikuwa fundi gari, anakaa mbele na rimoti, akiona kitu anasimamisha anaanza kutoa darasa.

Juzi ilikuwa Bullitt ya 1968, ile ya Steve McQueen na Mustang ya kijani ndani ya San Francisco. Mi nilishaiangalia kwenye simu nikajua sina jipya, kumbe nilikuwa nimeangalia kama kipofu. Ile fukuzana ni kama dakika 11, gari zikishakolea muziki unakatika, hakuna anayeongea, injini tu na matairi. Kabla hawajaanza, dereva wa Dodge Charger nyeusi inayofukuzwa na Mustang, yule wa miwani, anafunga mkanda taratibu, banda zima likacheka maana sie mkanda tunaukumbuka tukiona trafiki. Mzee akasimamisha: huyo anaitwa Bill Hickman, na gari anaendesha mwenyewe kweli. McQueen naye anaendesha, ila sehemu za hatari nyingi ni Bud Ekins, dereva wa stanti, tena kuna mahali McQueen anaipitiliza kona, tairi zinatoa moshi anarudi rivasi, alikosea kweli na wakaiacha hivyohivyo.

Halafu ikaja Volkswagen, ya kijani, ile ya mgongo wa kobe. Wanaipita, wanaipita tena, mara hiyo hapo mbele yao tena! Jamaa nyuma yangu akasema basi mwenye mbio humu ni huyo wa Volkswagen. Mzee akaeleza kwamba kipande kilekile cha mteremko kilionyeshwa zaidi ya mara moja kwa pembe tofauti, we unaona mitaa mingi kumbe mmoja, na aliyeunga hizo picha, Frank P. Keller, akapewa Oscar juu ya hiyo kazi. Vijana wa bodaboda wakahamia kwenye vifuniko vya rimu vya Charger, wakawa wanahesabu kwa sauti kila kinachodondoka, gari ina matairi manne tukavuka vinne na bado vinaruka tu. Na pale sheli mwishoni, mzee akaipeleka polepole, Charger inapita nyuma ya pampu haijagusa kitu na moto unalipuka kivyake, aisee ile sijawahi kuiona maisha yangu.

Sasa ugomvi wangu. Dakika 11 mzee alizifanya nusu saa. Utamu wa ile sehemu ni kwamba haikupi nafasi ya kupumua, we ukiikata kila tairi likigeuka inakuwa picha za ukutani. Nikamwambia mzee wangu shikamoo, iache kwanza iishe ndo urudishe nyuma. Akasema, "Marahaba mwanangu, ukitaka iende si unayo kwenye simu?" Nikanyamaza, ninayo kweli.

Joto ni la bati, feni ipo moja na inamtazama yeye. Spika ya kulia inakoroma, Mustang ikipanda gia unasikia mashine ya kusaga. Benchi za nyuma zimelegea, kaeni karibu na mlango.

Umeme ukakatika, ndo ikawa sehemu bora ya jioni bana. Tukatoka nje kwa muuza kahawa, mzee akashika kashata yake akaendelea bila picha. Ile Mustang kuu ya McQueen kuna familia iliinunua 1974 kwa dola 6,000, mama wa hiyo nyumba alikuwa mwalimu akawa anaendea nayo shule! McQueen akawaandikia barua 1977 anataka auziwe, wakakaa kimya. Januari 2020 ikapigwa mnada, dola milioni 3.74. Mafundi wakaanza kubishana springi na shokapu zake zilitengenezwaje kuhimili kuruka vile kwenye vilima vya San Francisco, mmoja akasema aipeleke kona za Mombo kupanda Lushoto ndo tumwamini, mwingine, wa baiskeli huyo, akasema sie mjini kwetu tambarare hata kilima cha kurukia hatuna. Umeme uliporudi nusu ya watu hawakuingia tena, na mzee wala hakuwaita.

Alhamisi hii kasema anaweka The French Connection, ya 1971, Hickman yumo tena. Nitawahi saa kumi na mbili nikae upande wa feni, na ile rimoti nitajaribu kuikalia.