Pasi ya mkaa niliyoinunua Mwanjelwa, na maelekezo niliyopewa na mama

Watu watatu hapa Uyole, Mbeya, wameniuliza kama wanunue pasi ya mkaa kama yangu, na kila mmoja nimemjibu kwa haraka nikiwa njiani. Leo nijibu kwa kirefu. Nimeitumia tangu Mei, karibu kila Jumapili.

Niliinunua Mwanjelwa, kwenye duka la vyombo, upande wa masufuria na majiko. Muuzaji alianza na shilingi 35,000, tukaelewana kwa 28,000. Kabla ya kupanda daladala niliipitisha kwa muuza mchele wa Kyela, akaniwekea kwenye mizani: kilo tatu na robo, bila mkaa. Ni nzito, na uzito huo ndio unaofanya kazi. Huhitaji kukandamiza, unaiongoza tu.

Kwa asiyewahi kuishika: ni chuma chenye umbo la mtumbwi, mbele kimechongoka na nyuma kimekatwa wima. Kifuniko kina bawaba nyuma, na mbele kinafungwa kwa komeo lenye jogoo mdogo wa chuma. Ubavuni kuna matundu ya kuingizia hewa. Ndani kuna wavu, mkaa unakaa juu yake na majivu yanashuka chini. Juu kuna mpini wa mbao, na kati ya mpini na kifuniko kuna kibati cha kuzuia joto lisifike mkononi. Jogoo wa kwangu amekaa vizuri, hachezi. Kagua hapo kabla hujalipa: ishike pasi kwa mpini, itikise kwa nguvu, usikilize. Jogoo akigonga, iache. Siku atakapofyatuka utakuwa umeinama juu ya nguo, na mkaa wote utamwagika.

Kasoro yake kubwa ni kwamba inauzwa bila neno lolote la maelekezo. Nilifungiwa kwenye gazeti, basi. Binti anayenisaidia nyumbani, ambaye amekulia kwenye pasi ya umeme, aliijaza mkaa mpaka juu siku ya kwanza na kifuniko kikagoma kufunga. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maelekezo ninayo mimi, yote, na hayakuandikwa popote. Nilipewa na mama, Tukuyu, kwa amri moja moja.

Tulikuwa watoto sita. Ukifika darasa la nne, sare yako unanyoosha mwenyewe, Jumapili, ibada ya Moravian ikishaisha na vyombo vya mchana vikishaoshwa. Anayeijua Tukuyu anajua mvua yake. Kuna wiki sare hazikauki kabisa, zinaanikwa juu ya jiko na zinanuka moshi, kwa hiyo pasi ilikuwa ya kukausha pia. Sketi yangu ya bluu ilikuwa na marinda kumi na sita. Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukaguzi mstarini, kucha, nywele na nguo, lakini ukaguzi tuliouogopa ulikuwa wa mama, mlangoni. Hakupiga kelele. Aliangalia tu, na rinda likiwa limepinda alisema, "Rudi." Unarudi, hata kama kengele ya shule imeshalia.

Amri zake zilikuwa hizi, na mimi ndizo ninazowapa wanaoniuliza.

Mkaa unawashwa kwenye jiko, hauwashwi ndani ya pasi. Unatiwa ukiwa mwekundu na moshi umekwisha, nusu ya pasi tu. Mkaa wa kuni ngumu. Ule mwepesi unaorusha cheche utakutoboa shati, na tundu la cheche halishoneki.

Ukitaka kuuchochea, toka nje, ubembeze pasi mbele na nyuma, mbali na watoto. Usipulize kwa mdomo, majivu yatatoka kwenye matundu na kukaa kwenye kola. Hata maji ya kunyunyizia nguo tulichota kwa mkono. Jirani aliyapuliza kwa mdomo na shati lake lilinyooka vizuri tu, lakini kwetu hilo lilikuwa marufuku.

Kabla pasi haijagusa nguo inapita kwenye jani bichi la mgomba. Hapa ndipo penye utamu wa kifaa hiki. Jani linalia tsss, linabadilika rangi kutoka kijani mbichi kuwa kama mboga iliyochemka, harufu inapanda, na chuma kinaanza kuteleza. Jani likiungua na kuwa jeusi papo hapo, subiri. Likilainika tu, anza. Nimejaribu kitambaa kilicholowa, kinafanya kazi, ila hakitelezeshi kama jani.

Nguo zina zamu. Pamba na kaki kwanza, pasi ikiwa kali. Dakroni baadaye. Zile laini za kanisani mwisho kabisa, pasi ikishachoka.

Halafu ile niliyoichukia kuliko zote: pasi haiingii ndani. Mwezi wa saba, baridi ya Tukuyu, vidole vimekufa ganzi, sebule ipo na ina joto, sisi tunanyoosha barazani huku mvua inaturushia manyunyu. Ukiuliza kwa nini, jibu ni, "Kwa sababu nimesema." Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kwenye chumba kilichofungwa inaua watu usingizini. Natamani mama angetuambia hivyo tangu wakati ule. Tungeganda kwa baridi vilevile, lakini tungeganda tukielewa. Kwa hiyo nakuambia wewe: barazani tu, na makaa yaliyobaki yamwagwe nje na kuzimwa kwa maji.

Nilipokuwa na miaka 11 niliruka hatua ya jani. Mvua ilikuwa inanyesha na sikutaka kwenda mgombani. Shati jeupe la baba likanata, na nilipoinua pasi pakabaki alama ya kahawia mgongoni, yenye ncha, kama mtumbwi. Adhabu ilikuwa kunyoosha sare za wote sita mpaka muhula uishe. Hiyo niliistahili. Lakini shati lilitundikwa sebuleni kwenye msumari, na kila mgeni aliyeuliza, mimi ndiye niliyeitwa nieleze. Wiki tatu. Hilo silikubali hadi leo, na mtoto wangu sitamfanyia.

Nilimwambia mama hivyo mwezi uliopita alipokuja kututembelea. Tulikuwa barazani, mimi nanyoosha, yeye amekaa kwenye kigoda. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Baba yako alilivaa shati lile ndani ya koti mpaka likachakaa. Alikataa nisilikate liwe dasta." Sikuwahi kujua. Baba ametangulia mbele ya haki, siwezi kumuuliza.

Kwa hiyo, ununue? Kama unategemea umeme na Jumapili jioni ndipo unapokatika, nunua. Gharama ni kopo moja la mkaa kwa sare za watoto watatu na nguo zangu za kazi, na marinda yanakaa mpaka Jumatano, jambo ambalo pasi yangu ya umeme haijawahi kuniwezesha. Kama unaishi chumba kimoja kisicho na baraza, usinunue, hata ukipewa bure.

Mpini wa pasi yangu ulianza kulegea mwezi wa pili wa kuitumia. Sikuuona. Aliyeuona ni mama, siku ileile. Aliomba aishike, akaigeuza, akapitisha kucha chini kama anatafuta kutu, akamfungua jogoo, akamfunga. Akashika mpini, akausukuma kwa kidole gumba.

Akaniambia, "Mama, hii itakuunguza."

Kesho yake niliipeleka kwa fundi bati. Aliweka boliti mpya na kibati kipana zaidi, shilingi 3,000. Ukinunua ya kwako, ipitishe kwa fundi kwanza, kisha nenda nayo nyumbani.