Kliniki ya CTC katika kituo chetu cha afya: tathmini ya mteja wa muda mrefu

Nimekuwa mteja wa kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, au CTC kama tunavyoiita sote, katika kituo kimoja cha afya wilayani Mufindi tangu mwaka 2013. Sitaji jina la kituo, kwa kuwa mazuri na mabaya nitakayoyaeleza yanawahusu watu ninaokutana nao sokoni kila wiki. Kwa mkoa wa Iringa, ambao ni wa pili baada ya Njombe kwa kiwango cha maambukizi ya VVU nchini, kliniki kama hii si huduma ya watu wachache.

Nianze na dawa yenyewe, ambayo hatuilipii hata senti. Nilipoanza nilipewa kidonge chenye efavirenzi, cha kumeza usiku, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiota ndoto za kutisha na kuamka na kizunguzungu. Nawafahamu wenzangu wawili walioacha kumeza kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2019 nilihamishiwa TLD, yaani tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri katika kidonge kimoja kwa siku, na usingizi wangu ukatulia. Nimeongezeka uzito, ingawa mtu aliyewahi kukonda kama mimi halalamikii kilo. Mfamasia wa kliniki anastahili sifa ya pekee, kwa sababu ndiye aliyeniuliza ni dawa gani nyingine ninazotumia, akagundua kuwa kila asubuhi nilikuwa nikimeza kidonge cha kiungulia pamoja na TLD. Alinieleza kwamba madini ya aluminiamu na magnesiamu yaliyomo humo huizuia dolutegraviri kufyonzwa ipasavyo, hivyo nimeze TLD angalau saa mbili kabla ya kidonge hicho cha kiungulia au saa sita baada yake. Maelezo hayo yalichukua dakika tatu, nami nilikuwa nimeyakosa kwa mwaka mzima.

Mpangilio wa foleni ndio unaowaponza wengi. Kliniki hufanyika siku mbili kwa wiki, benchi limewekwa ukutani likitazama barabara, na kila apitaye siku hizo anajua tumefuata nini. Wapo wanaopanda basi kwenda kliniki ya mbali ili wasionekane, na nauli ikikosekana dozi nayo hukatika. Mchuma chai hulipwa kwa kilo alizochuma, kwa hiyo asubuhi moja ya benchi ni ujira wa siku uliopotea. Wapasua mbao hukaa msituni majuma kadhaa. Kwa watu hawa, utaratibu wa kuwapa dawa za miezi mitatu au sita wale ambao virusi vyao vimefubazwa umesaidia kuliko mahubiri yote ya ufuasi wa dawa niliyowahi kuyasikia, japo una kero yake: chupa kubwa ya vidonge hulia mfukoni kama kayamba. Mimi huchomeka pamba ndani na kubandua karatasi ya nje kabla sijatoka getini.

Kipimo cha wingi wa virusi huchukuliwa mara moja kwa mwaka kwa sisi tuliokwisha tulia. Damu husafirishwa hadi maabara ya mbali, na mwaka juzi majibu yangu yalifika baada ya miezi miwili na nusu. Kwangu haikuwa hatari, lakini kwa mtu ambaye virusi vimepanda, au mama mjamzito, muda huo ni mrefu mno, maana ushauri wa ziada na uamuzi wa kubadili dawa hutegemea karatasi ile.

Hata hivyo, kipimo changu kikuu cha kliniki ni namna inavyompokea aliyechelewa. Niliwahi kukosa tarehe kwa wiki tano nilipokuwa nikimuuguza mama kijijini, na niliporudi muuguzi aliyekuwa dirishani alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi, “Wewe mtoro, unatuharibia takwimu.” Nilikaribia kugeuka. Aliyenizuia ni mama mmoja WAVIU mshauri, mwenye kuishi na virusi kama mimi, aliyenishika mkono, akaniketisha nyuma ya chumba cha mizani na kuniuliza swali ambalo dirishani hawakuniuliza: “Mdogo wangu, ulikuwa unalala wapi?” Tulihesabu pamoja vidonge vilivyobaki, tukaona siku nilizoruka, kisha akanipangia kumeza wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, saa ambayo redio ya nyumbani haikosi kuwashwa. Tangu siku hiyo sijaruka dozi.

Mama huyo alikuwa akilipwa posho na mradi wa wafadhili, na mapema mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, posho ilikoma. Bado huja siku moja kwa wiki kwa hiari yake. Siku asipokuwepo, aliyechelewa hukutana na dirisha moja kwa moja.

Kati ya nyota tano naipa tatu. Dawa zipo, mfamasia ni makini, faili halipotei. Nyota ya nne wataipata siku watakapoligeuza benchi lile litazame bustani ya nyuma, kazi ya watu wawili na nusu saa, ambayo tumeiandikia kwenye sanduku la maoni mara tatu.