"Joe Palooka, Champ" (1946): nyota tatu, na moja ni ya meneja

Filamu hii ya ndondi nimeitazama mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza peke yangu, nikafurahi. Mara ya pili nilikaa na shemeji, ambaye kila jioni yuko jimu anapiga begi, na huyo ndiye aliyenitilia kitumbua mchanga. Pambano la kwanza tu, akasimamisha kompyuta. "Shemeji, huyu jamaa hajawahi kula ngumi ya pua. Aliyewahi kuila hasimami vile, kidevu juu."

Nikaenda kupekua. Kumbe Joe Kirkwood Jr., aliyecheza kama Palooka, alikuwa mtu wa gofu kama baba yake, na miaka michache baadaye alishinda mashindano ya kulipwa huko Marekani. Naona walimchukua kwa sura: taya, mabega, na ule uso wa kijana aliyeshuka basi jana kutoka shamba. Ndivyo mchora katuni Ham Fisher alivyomchora Palooka magazetini tangu 1930. Sisi tuliokua na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili tunaelewa. Mhusika wa katuni ukimkosea sura, wasomaji hawakusamehei hata mchezaji awe fundi vipi.

Jina nalo ni utani. "Palooka" kwa Kiingereza cha mtaani cha Marekani ni bondia butu, wa kupigwapigwa. Halafu ndiye bingwa! Msichana wake anaitwa Anne Howe. Litamke harakaharaka utasikia "and how!", yaani "tena sana!", utani mwingine, ila kwa Kiswahili unayeyuka.

Hela haikuwepo, na haifichiki. Monogram ilikuwa studio ya makapuku wa Hollywood, ya filamu za chapuchapu. Hii ina dakika 70 hivi, na kufikia 1951 walishatoa kumi na moja za Palooka. Kijana wa watu, binti wa kitajiri, wahuni wanaotaka kumharibia: tumeshayaona. Kinachoiokoa ni Leon Errol, aliyecheza kama Knobby Walsh, meneja wa Palooka. Huyu alikuwa mzee wa vichekesho vya jukwaani, aliyepata jina kwa miguu yake inayolegea kama mpira. Akiingia yeye, filamu inapata pumzi. Akitoka, natazama saa.

Ila kuna jambo halijanitoka. Joe Louis mwenyewe, bondia Mweusi wa Marekani, anatokea humu. Ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, mkanda aliukamata 1937, na Juni ya mwaka huohuo wa filamu alimlaza Billy Conn raundi ya nane. Humu amekuja kama mgeni, anapita. Bingwa wa hadithi ni kijana wa Kizungu wa kuchorwa kwa wino. Mara ya kwanza nilipomwona nilipiga makofi. Mara ya pili sikupiga.

Nakala niliyoipata inakwaruza sauti na haina tafsiri chini, kwa hiyo kama Kiingereza cha haraka kinakusumbua, nusu ya maneno ya Knobby yatakupita. Shemeji hilo halikumhusu. Alipomwona Henry Armstrong, yule aliyeshika mikanda ya uzito tatu kwa mpigo mwaka 1938, alirudisha nyuma, akarudisha tena, akisogeza pua karibu na kioo, mpaka bando langu likakata.