Pedi ya PS2 isiyo na waya: ikisinzia, roboti inakimbia yenyewe

Nimekereka kweli. Hizi pedi feki za PS2 (PlayStation 2) zisizo na waya, zinazouzwa na karisiva kake kadogo (kipokezi kinachounganishwa na Arduino, bodi ndogo inayoiongoza roboti), ukiiweka mezani muda kidogo inasinzia. Sawa, kusinzia si kosa. Ila hii ikisinzia, roboti inarudi nyuma kwa kasi yote hadi ipige ukuta. Roboti ya wanafunzi, bodi ya plaiwudi, kona nzima imeng'oka! Namrudia muuzaji, ananijibu macho yakiwa kwenye simu: “Bosi, pedi nzima hiyo, angalia programu yako.”

Haya, tuangalie programu. Kijiti cha pedi, kile cha kusukuma kwa dole gumba, kikiwa katikati husomeka 127 au 128. Mbele kabisa ni 0, nyuma kabisa 255. Mawasiliano yakikatika, risiva haitumi tena thamani za vijiti, na pale palipo patupu Arduino inasoma 255, vijiti vyote viwili, pande zote. Mota zinadhani kuna mtu kavuta nyuma kwa nguvu zake zote.

Dawa yake ipo kwenye laibrari ya PS2X, msimbo uliokwisha andikwa wa kuisomesha Arduino pedi hii. Wengi huita read_gamepad, amri yake ya kusoma pedi, na kupuuza inachojibu. Usipuuze: 1 ni salama, ikijibu 0, andika 0 kwenye ENA na ENB (pini za kasi) za L298N, bodi inayoendesha mota, papo hapo, kabla ya kusoma kijiti chochote. Ongeza sharti la pili, kwamba thamani zote nne zikiwa 255 kwa mpigo, mota zisimame. Kisha chochote kati ya 118 na 138 kihesabu kuwa katikati, maana vijiti hivi havirudi sawasawa.

Risiva ipe volti 3.3, si 5. GND (waya hasi) yake, ya Arduino na ya betri za mota ziungane. Jampa (vifuniko vidogo vya kuunganisha pini) za ENA na ENB zichomolewe, la sivyo mota zitajua kasi moja tu. Ukiwasha ukapata kosa namba 1, yaani pedi haikuonekana, kabla ya kulaumu nyaya weka delay (kusubiri) ya sekunde moja kwenye mstari ulio juu ya config_gamepad, amri ya kuiandaa pedi. Mara nyingi risiva inakuwa haijashikana na pedi.

Nilikuja kuandika “msinunue”. Lakini ikishawekewa masharti hayo inatii vizuri, na kwa bei ile klabu ya shule itapata nini kingine? Nyota tatu.

Hapana, mbili. Karatasi ya kwenye boksi haitaji kusinzia hata kwa neno moja, na yule jamaa bado anawauzia wanafunzi.