Kuchaji betri ya tela kutoka kwenye gari: kipi ununue kwanza na kipi ukiache dukani

Tela la kambi lenye friji, taa na pampu ya maji linakula umeme usiku kucha, na kulipokucha betri yake imeshafika nusu. Mbele yake liko gari lenye oltaneta (jenereta inayozungushwa na injini) inayoweza kutoa ampea 80, 100 au zaidi, na sehemu kubwa ya umeme huo haitumiki. Kazi ni kuufikisha nyuma, umbali wa mita nane hivi. Wengi wanapotea hapa kwa sababu wanaanza kwa kununua chaja ya bei kubwa, halafu wanaiunga kwa waya mwembamba. Nunua shaba kwanza, chaja baadaye.

Hesabu ya kuanzia

Friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50 huvuta ampea 3 hadi 4 inapozunguka, na kwenye joto huzunguka karibu nusu ya muda. Hiyo ni Ah (ampea-saa) 35 hadi 45 kwa siku. Ongeza taa za LED, pampu na simu, unafika kama Ah 50. Betri ya risasi ya 100Ah haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ulichotumia jana lazima kirudi leo.

Chukua safari ya Arusha hadi Karatu, kama kilomita 140, takriban saa mbili na nusu barabarani. Kurudisha Ah 50 kwa muda huo kunataka ampea 20 zinazoingia kweli kwenye betri ya tela. Hata hivyo betri ya risasi itazipokea zote mpaka ijae kama asilimia 80 tu, kisha itaanza kupunguza yenyewe. Asilimia 20 za mwisho huchukua saa nyingi hata uwe na chaja gani. Lithiamu (LiFePO4) haina tabia hiyo. Inapokea mkondo mkubwa karibu mpaka mwisho.

Jambo jingine kabla ya duka: betri ya kuwashia gari, ile N70 ya kawaida, haifai kwenye tela. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na ukiishusha nusu kila usiku itakufa mapema. Tafuta betri ya sola ya kushushwa sana, AGM (ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji) au ya maji, au lithiamu yenye BMS yake, yaani saketi ya ndani inayoilinda kwa kukata umeme.

Waya ndio ununuzi mkubwa

Mita nane kwenda na nane kurudi ni mita 16 za shaba. Ukipitisha ampea 20, waya wa 2.5 mm² unakula volti 2.2 njiani. Wa 6 mm² unakula 0.9, wa 10 mm² unakula 0.55, wa 16 mm² unakula 0.34. Betri ya risasi inataka volti 14.4 kwenye terminali zake ili ijae. Ikiwa oltaneta inatoa 14.2 na volti nzima imebaki njiani, betri haitajaa hata uendeshe mpaka Mwanza. Mkondo utaanza na ampea 10 hivi, utashuka hadi 4, na hizo 4 friji inazimaliza yenyewe.

Nunua 16 mm² kama unaweka chaja ya DC-DC (inayopokea umeme wa betri ya gari na kuupandisha volti), 25 mm² kama unaunga moja kwa moja kwa rilei, swichi inayowashwa kwa umeme. Waya wa kuchomelea unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni chaguo zuri: una nyuzi nyingi nyembamba, unapinda, na unavumilia mtikisiko. Waya wa nyumba wenye nyuzi chache nene hukatika ndani kwa ndani kwenye barabara ya vumbi yenye rasta (matuta madogo yanayofuatana), na kwa nje huoni kitu. Kwangua nyuzi kwa kisu kabla ya kulipa. Ikitokea rangi ya fedha chini ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Inapitisha umeme kidogo zaidi na inaoza kwenye maungio. Irudishe.

Plagi ya kuunganishia iwe ya Anderson SB50, ambayo inabeba ampea 50. Pita na sumaku mfukoni: vishikio vya ndani vikivutwa na sumaku, ni chuma kilichopakwa rangi, vitapata moto. Vishikio vya SB50 vimetengenezwa kwa waya wa kama 13 mm², kwa hiyo waya wa 16 unaweza kugoma kuingia. Usikate nyuzi ili uingie. Chukua SB120, au tafuta vishikio vya ukubwa wa waya wako.

Nafasi ya kwanza: chaja ya DC-DC ndani ya tela

Hiki ndicho kifaa cha kununua kwa magari mengi ya leo. Inapokea umeme wa gari, hata ukiwa umeshuka hadi volti 12, inaupandisha hadi 14.4 au kiwango chochote ambacho betri yako inataka, na inachaji kwa hatua kama chaja ya ukutani. Magari mapya ya Euro 5 na Euro 6 (viwango vya Ulaya vya moshi) yana oltaneta zinazoamriwa na kompyuta. Betri ya mbele ikijaa zinashusha volti hadi 12.5 au chini ya hapo ili kuokoa mafuta. Rilei haiwezi kufanya lolote hapo, chaja hii inaweza.

Ukubwa wa chaja ufuate betri. AGM ya 100Ah inatosheka na ampea 20 hadi 25. Lithiamu ya 100Ah ipe 30 hadi 50. Kununua ya ampea 50 kwa betri moja ya AGM ni kulipia nguvu ambayo betri haitaipokea.

Victron Orion-Tr Smart 12/12-30 ni imara na inapangwa kwa simu, lakini haina feni: ikisimikwa ndani ya boksi lililofungwa inapata joto na kupunguza mkondo. Iachie sentimita 10 za hewa juu na chini. Redarc BCDC1225D (ampea 25) na CTEK D250SE (ampea 20) zina ingizo la paneli ya sola pia, na kwa anayeegesha tela zaidi ya usiku mbili hizo ndizo za kuchagua, maana gari likizimwa hakuna kinachochaji. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha kama Ah 25 hadi 30 kwa siku. Renogy DCC50S nayo ina sola. Jua na injini vikiwepo pamoja, inachukua nusu kutoka kila upande.

Tahadhari kubwa kwenye ingizo hilo la sola: vifaa hivi havikutengenezwa kwa paneli za juu ya paa la nyumba. Redarc inakomea volti 32, Renogy 25. Paneli kubwa ya nyumba bila mzigo inafika volti 38 na zaidi, na itaunguza chaja siku ya kwanza. Tumia paneli za volti 12, ukizizidisha ziunge sambamba.

Chaja isimikwe karibu na betri ya tela, siyo chini ya boneti. Volti zinazopotea njiani itazifidia, bali inafidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi: ile ya ampea 30 inaweza kuvuta hadi ampea 40 kutoka mbele. Ndiyo maana waya mnene hauepukiki hata hapa. Kwa gari lenye oltaneta ya kompyuta, vuta pia waya mdogo kutoka swichi ya funguo ili chaja ijue injini inazunguka. Bila huo itadhani gari limezimwa na itakatakata kuchaji.

Nafasi ya pili: rilei inayohisi volti

Kwa Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ na betri ya risasi kwenye tela, hii inatosha na inagharimu sehemu ndogo ya bei ya chaja. Inaunganisha betri mbili volti zikipanda, mara nyingi kati ya 13.0 na 13.8, na inaziachanisha zikishuka karibu 12.7, ili friji isile betri ya kuwashia. Inakaa mbele, karibu na betri ya gari. Haina kinachoharibika kirahisi.

Pima kwanza. Endesha saa moja, zima taa kubwa, kisha weka mita kwenye betri ya gari injini ikiwa kwenye mizunguko 1500. Ukisoma 14.0 au zaidi, rilei inafaa. Ukisoma 13.5 au chini, nenda kwenye DC-DC. Baadhi ya Toyota mpya kidogo, Land Cruiser 79 ya V8 ikiwemo, hushusha volti hadi karibu 13.2 injini ikipata joto, kwa hiyo kipimo cha asubuhi gari likiwa baridi kitakudanganya.

Rilei isitumike na lithiamu. Betri hiyo haina ukinzani wa kutosha wa ndani, inavuta kila ampea inayopata, na injini ikiwa sailensa (mizunguko ya chini, gari limesimama) oltaneta haina upepo wa kutosha wa kujipoza. Mbaya zaidi, BMS ikikata ghafla mzigo mkubwa unaondoka kwa mkupuo, volti zinaruka, na dayodi za oltaneta zinaweza kufa.

Nafasi ya tatu: rilei ya kawaida kwenye swichi ya funguo

Bei ndogo kuliko zote, na inafanya kazi ikiwa ni rilei ya kukaa imewashwa muda wote. Kosa linalorudiwa ni kuweka rilei ya stata. Hiyo imeundwa kufanya kazi kwa sekunde. Ikiwashwa safari nzima, koili inaungua.

Zinazofuata, kwa haraka

Inveta ya gari ikilisha chaja ya volti 230 ndani ya tela ni njia halali kwa asiyetaka waya mnene, maana mkondo wa volti 230 ni mdogo. Unapoteza umeme kwenye mageuzi mawili, na unabeba volti za kuua kwenye waya unaosuguana nje. Soketi ya sigara inabeba kama wati 120. Inafaa simu na betri ndogo ya kubebeka, siyo friji. Plagi ya pini 7 ya taa iliyozoeleka kwetu haina pini ya kuchaji kabisa. Ya pini 13 kutoka Ulaya inayo (9 na 10), na ile ya Marekani yenye pini bapa 7 inayo pia, lakini nyaya zake ni nyembamba: zitaitunza betri iliyojaa, hazitaijaza iliyoshuka.

Kigawanyishi cha dayodi usinunue. Kinakula volti 0.6 hadi 0.7 hata waya uwe mnene kiasi gani.

Kama gari ni lori la volti 24, yote haya hayahusu: nunua chaja ya 24 kwenda 12, kama Orion-Tr Smart 24/12-20. Usichukue 12 kutoka betri moja kati ya mbili; hiyo itachakaa kabla ya mwenzake.

Kufunga

Weka fyuzi pande zote mbili, kila moja ndani ya sentimita 20 kutoka terminali chanya ya betri, kwa kuwa kila ncha ya waya ina betri inayoweza kuuwasha moto. Kwa SB50 tumia ya ampea 50. Chaja ya Orion ya 30 mtengenezaji anataka 60, hapo SB120 ni salama zaidi. Waya hasi uvutwe mpaka nyuma. Usitegemee mpira wa chuma wa kuungia tela wala chesisi: grisi na kutu havipitishi ampea 20.

Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo la majimaji, visilehemewe kwa risasi. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu, na waya unakatika pale ugumu unapoishia. Funika kwa bomba la kusinyaa, pitisha waya ndani ya bomba la mikunjo, mbali na ekzosi, ufungwe kila sentimita 30. Geuza gari mpaka mwisho wa usukani kabla ya kukata urefu wa waya wa kwenye kiungo.

Kisha pima. Injini ikizunguka, chaja ikifanya kazi, weka mita kwenye chanya ya betri ya gari na kwenye ingizo chanya la chaja, kwa kutumia kipande kirefu cha waya. Upande chanya ukionyesha zaidi ya volti 0.4 kwa 16 mm², kuna ungio bovu. Shika kila ungio kwa mkono: lenye joto ndilo hilo.