.30 Super Carry au 9mm: ipi ya kubeba kiunoni?
Januari 2022 kampuni ya Federal ya Marekani ilizindua .30 Super Carry, risasi nyembamba kwa bastola ndogo za kuficha chini ya shati. Mpinzani wake ni 9mm, aliyoibuni Georg Luger zaidi ya miaka 120 nyuma.

Hoja ya mgeni huyu ni nafasi. Chukua Shield Plus ya Smith & Wesson: magazini (kisanduku cha risasi) fupi ya 9mm hubeba risasi 10, ya .30 hubeba 13, na bastola hainenepi hata kidogo. Nguvu zinakaribiana, kichwa cha risasi ya .30 cha greni 100 (kama gramu 6.5) hutoka kwa takriban mita 380 kwa sekunde. Ila kasi hiyo ina gharama: shinikizo ndani ya ganda hufika psi 50,000 (psi ni kipimo cha shinikizo), wakati 9mm ya kawaida mwisho wake ni 35,000. Mlio wake ni mkali, masikio yatakwambia.

Sokoni hakuna mechi. 9mm iko kila duka la silaha, nafuu, na karibu kila mtengenezaji ana bastola yake. .30 ilianza na Smith & Wesson na Nighthawk, basi. Risasi tatu za ziada zinavutia, lakini mazoezi hula maboksi kwa maboksi. Pesa yangu ingeenda kwa 9mm.